Gogo Moja, Njia Mbili: Historia Fupi ya Mbao na Maneno Yake Nchini Uganda

Mti ukishaangushwa, jambo linalofuata ni kuamua hatima ya gogo lake. Likikatwa vipande vifupi litakuwa kuni au makaa, na baada ya muda mfupi litabaki majivu. Likipasuliwa kwa urefu litakuwa mlango, kitanda au mtumbwi ambao wajukuu wanaweza kuukuta. Katika makala haya tunataka kuonesha kwamba nchini Uganda uamuzi huo haukutegemea aina ya mti peke yake. Ulitegemea pia zana zilizokuwepo, watu waliojua kuzitumia na maneno yaliyobeba ujuzi huo. Baadhi ya maneno hayo ni ya Kiswahili, na ndiyo maana tumeona kwamba historia hii inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Kabla ya msumeno

Kazi ya mbao haikuanza na wageni. Mitumbwi mikubwa ya Ziwa Viktoria, hasa ile ya visiwa vya Ssese, iliundwa kwa mbao zilizochongwa kwa shoka na tezo, kisha zikashonwa kwa nyuzi za mimea. Henry Morton Stanley aliikuta mitumbwi ya namna hii alipofika Buganda mwaka 1875. Luganda ina kitenzi chake cha asili, *okubajja*, na fundi wa kazi hiyo ni *omubazzi*. Jina la mti uliosifika kwa mbao ngumu zisizoliwa na mchwa, mvule, linafanana sana katika lugha zote mbili: Waganda huuita *muvule*. Hata hivyo, kuchonga ubao kwa tezo kulikula mti mwingi. Sehemu kubwa ya gogo iliondoka kama vibanzi, na vibanzi vikaishia jikoni.

Zana zilikuja na majina yake

Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna mwaka 1844, wakiongozwa na Ahmed bin Ibrahim. Njia hiyo ya misafara ndiyo iliyopitisha bidhaa na lugha kwa pamoja. Leo Mganda anaposema *omusumeeno*, *omusumaali* na *landa*, mwanafunzi wa Kiswahili anasikia msumeno, msumari na randa. Historia ya maneno haya ni ndefu kuliko safari ya kutoka Zanzibar hadi Mengo. Msumari una asili ya Kiarabu, na randa ina asili ya Kiajemi. Fundi wa Kampala akishika randa, anashika neno lililovuka bahari na bara kabla ya kufika mkononi mwake.

Mwaka 1878 aliwasili Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland aliyetumwa na chama cha wamisionari cha CMS. Aliweka karakana yake Nateete, akiwa na vifaa vya uhunzi, jiwe la kunolea na mashine ya kukereza. Kabla hajaimudu Luganda, Kiswahili kilimsaidia kuzungumza na Kabaka Muteesa, ambaye alikijua. Namasole, mama yake Muteesa, alipofariki mwaka 1882, Mackay aliombwa asimamie utengenezaji wa jeneza. Yalitengenezwa masanduku matatu, moja ndani ya jingine, la katikati likiwa la shaba. Kazi hiyo kubwa ya mbao iliwapa watu wengi wa ikulu nafasi ya kuona kile ambacho msumeno na vipimo vinaweza kukitoa katika miti ya nchi yao.

Hapa inafaa tulitazame neno *kukereza*. Kukereza ni kuuzungusha mti na kuuchonga kwa chombo chenye makali huku ukizunguka, hadi utoe umbo la mviringo kama mguu wa kitanda au nguzo ya kiti. Kwa karne nyingi mafundi wa pwani walitengeneza vitanda vyenye miguu ya kukerezwa. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hata kipande kifupi, ambacho hakifai kuwa ubao, kinapata matumizi. Penye mkerezaji, kipande hicho ni mguu wa kiti. Pasipo mkerezaji, ni kuni.

Moto wa reli na meli

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, iliongeza mahitaji ya miti kwa njia mbili. Kwa upande mmoja ilifungua soko la mbao. Kwa upande mwingine injini zake zilichoma kuni, na misitu ya kando ya njia ilikatwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1902 mikaratusi ilianza kupandwa Kenya ili kuilisha reli. Kufikia miaka ya 1950 injini kubwa za reli zilikuwa zikitumia mafuta, lakini mikaratusi ilibaki. Leo mti huohuo ulioletwa uchomwe hupasuliwa mbao na kufanywa nguzo za umeme.

Katika msitu wa Budongo, Bunyoro, tunaona kisa cha namna nyingine. Viwanda vya mbao vilitafuta mkangazi, nao ulikuwa na soko. Muhimbi, mti mgumu unaochosha misumeno, haukutakiwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 maofisa wa misitu waliiua kwa sumu miti waliyoiona haina faida, muhimbi ukiwamo, ili kuupisha mkangazi. Thamani ya mti, basi, ilipimwa kwa kile ambacho misumeno na masoko ya wakati huo yaliweza kukipokea.

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na viwanda vingi vya mbao walivyokuwa wakiviendesha vikadorora. Kazi ikabaki zaidi kwa wapasuaji wa mkono: gogo juu ya shimo, mmoja juu, mwenzake chini, msumeno katikati. Wawili hawa hawakuweza kufanya kazi bila kuelewana, na msumeno wao ulikata kwa mwendo wa pamoja.

Kwa nini jambo hili ni letu

Tanuri la udongo hutoa takriban kilo 10 hadi 20 tu za makaa kwa kila kilo 100 za kuni. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda, ambako hata mti wa moyao, unaozaa mafuta, ulikuwa ukiishia tanurini. Hatumlaumu anayepika kwa makaa, maana chakula lazima kiive. Tunasema tu kwamba kupasua hakuunyimi moto haki yake. Mabanzi, maranda na unga wa mbao bado ni vya jiko. Kinachookolewa ni moyo wa gogo.

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mara nyingi tunakifundisha kwa msamiati wa ofisi na wa fasihi, huku maneno kama kerezo, tezo, kekee na jiriwa yakibaki kamusini. Mwanafunzi anayeyajua ataweza kuzungumza na fundi wa Kigoma, wa Bukavu na wa Mombasa. Fundi mzee akiondoka bila kurithisha kazi yake na majina yake, kijana atakayebaki na gogo atajua njia moja tu ya kulitumia.

Tunawaomba walimu wenzetu wawapeleke wanafunzi kwenye karakana za mbao zilizo karibu, wakiwa na daftari na kalamu. Waulize kila zana inaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, inafanya nini, na nani alimfundisha fundi kuitumia. Orodha zitakazopatikana tutazipokea kwa furaha na kuzichapisha katika matoleo yajayo.