Mwajiri na Mzigo wa Ushahidi Tanzania
Katika Tanganyika ya kikoloni mwajiri aliweza kumwachisha mtu kazi bila kueleza sababu, ilhali mfanyakazi aliyetoroka alishtakiwa kama mhalifu. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964 ilibana uwezo huo kwa kamati za wafanyakazi na kanuni za nidhamu. Mageuzi makubwa zaidi, na ya haki, yaliletwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mwajiri ndiye aliyetakiwa kuthibitisha sababu halali na utaratibu wa haki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akishindwa, aliweza kuamriwa amrudishe mfanyakazi au amlipe fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Barua ya onyo na muhtasari wa kikao cha nidhamu vikawa kinga ya mwajiri. Mwenye duka dogo asiyetunza jalada huumia zaidi.