Jamaa wa Kwanza Kunaswa Kwenye Picha, na Hakuna Anayemjua Jina

Mwaka 1838, jijini Paris, Louis Daguerre aliisogeza kamera yake dirishani, ghorofani, akailenga chini kwenye Boulevard du Temple. Mtaa wenyewe haukuwa wa kitoto. Ulikuwa na majumba ya maigizo yaliyofuatana, na kwa jinsi hadithi zake zilivyojaa mauaji na wizi, watu waliubatiza Mtaa wa Uhalifu. Farasi, mikokoteni, watu kibao.

Sasa icheki picha. Kweupe! Mtaa mtupu.

Hakuna aliyefukuzwa. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ndipo lishike taswira, na kila aliyepita bila kusimama hakuacha alama. Aliyesalia ni jamaa mmoja, chini upande wa kushoto, mguu kauinua anabrashiwa viatu. Ndiye anayetajwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Anayembrashia yupo kama kivuli tu, maana mwenzetu alikuwa kazini, mikono inakwenda. (Mteja ndiye katoka vizuri. Kama kawaida.)

Wengi wakishamwona jamaa wanapita zao, na hapo ndipo wanapoikosa picha yenyewe. Daguerre alikuwa mchoraji wa mandhari za jukwaani, kwa hiyo jicho la kupanga vitu alikuwa nalo tayari. Hakulipiga jengo moja usoni kama la kitambulisho. Alikaa juu, akaacha mapaa na mabomba ya moshi yatangulie, halafu barabara na miti yake ikate mshazari mpaka kule mbali majengo yanakofifia. Jicho linapewa njia ya kupita. Na kwa kuwa watu wamefutika, kinachobaki ni umbo: kuta zilizopigwa jua, madirisha meusi yaliyojipanga safu kwa safu, kivuli kikitenganisha nyumba na nyumba. Hapo yule jamaa anageuka kuwa kipimo. Ukishamwona alivyo mdogo, ndipo unashtuka majumba yale yalivyo makubwa.

Samuel Morse, yule wa telegrafu, alioneshwa kazi hizi Machi 1839 na akaandika kuhusu mtaa ule mtupu na mtu wa viatu. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Daguerre kumtembelea Morse. Akiwa huko huko, jengo lake la maonyesho likateketea kwa moto.

Mtaa nao haukudumu. Mwaka 1862 sehemu kubwa ya majumba yale ya maigizo ilibomolewa ili Paris ipanuliwe. Bamba lenyewe, ambalo Daguerre alilituma kwa mfalme wa Bavaria, liliharibika vibaya baadaye. Hiyo inayozunguka kwenye simu zetu inatokana na nakala iliyopigwa mwaka 1937, bamba likiwa bado linasomeka.