Kumbe Masega ya Ekzosi Yalianzia Huku!

Wadau wa magari, kile kidude cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wanakiita masega kina stori ndefu. Julai 1943 ukungu mzito uliivamia Los Angeles, Marekani, ukawasha watu macho mpaka wengine wakadhani ni shambulio la gesi la Wajapani. Baadaye mwanasayansi Arie Haagen-Smit akaonesha mchawi ni nani: moshi wa magari ukipigwa na jua.

Miaka ya 1950 Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alishabuni dawa yake, ila madini ya risasi kwenye petroli yaliua masega mapema. Mpaka ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, na magari ya 1975 yakatoka na masega pamoja na petroli isiyo na risasi.

Ndo wapenda spidi wakaingia. Wakafunga masega yenye matundu mapana na machache ili injini ipumue. Tatizo, moshi unapita fasta bila kugusana vizuri na platinamu. Tangu 1996 magari mapya ya abiria kule yana sensa ya oksijeni nyuma ya masega. Ikiona kazi haifanyiki, taa ya injini inawaka. California, taa ikiwaka umefeli ukaguzi. Na hata moshi ukiwa safi, masega ya kununua yasiyo na namba ya kibali cha jimbo yanakufelisha vilevile.

Kuna wanaorudishia ya zamani siku ya ukaguzi, wakitoka tu wanayang'oa. Haya, mkaguzi umemdanganya, mapafu ya mtoto wako je? Wewe ungechagua spidi au hewa? Tiririka hapo chini.