Ubao wa Kuokota, Jina la Kudumu

Ukikatiza Manzese, Tandika au Mbagala, kabla hujasalimiana na mtu utakuwa umeshasalimiwa na kibao. Kinyozi anacho. Fundi cherehani anacho. Mama ntilie naye, hata kama jiko lake ni mafiga matatu chini ya mwembe, ametundika kipande cha mbao kuwakaribisha wateja kwa chai na maandazi. Watoto wengi wa uswahilini walijifunza kuunganisha silabi kwa kusoma vibao njiani kwenda shule, kabla mwalimu hajawagawia kitabu. Kwa hiyo, ndugu msomaji unayeota kuwa mwandishi, usikidharau kibao. Ni maandishi yaliyotutangulia sote mtaani.

Makala hii inaangalia historia ya kibao cha mapambo kilichotengenezwa kwa mbao za masalio. Hebu tuone jambo moja: kitu kilichotupwa kinapookotwa na mtu mwenye nia, humwekea masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayozaa mtindo. Halafu tutajiuliza swali ambalo wengi hawapendi kuliuliza: jina la nani linabaki kwenye ubao?

Mfano mkubwa tunao hapahapa Kinondoni. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa nchi. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi zile, alikwenda kwanza Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Alifanya kazi za nyumbani na bustani kwa mzungu, na uhuru ulipokuja alijikuta akihangaika na vibarua vya hapa na pale. Chuo cha sanaa hakukiona. Turubai na rangi za wachoraji wa Ulaya hazikuwa za mtu wa mfuko wake. Lakini mjini nyumba zilikuwa zinajengwa, na palipo na ujenzi hapakosi hadibodi, zile mbao nyembamba za kahawia za kupigia dari. Palikuwa pia na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, iliyouzwa kwenye vikopo. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora.

Hapa tusimame kidogo tuitazame hiyo hadibodi, maana nayo ina ukoo wake. Ilibuniwa Marekani mwaka 1924 na William H. Mason, katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi. Mji ule ulikuwa na viwanda vya kupasua mbao, na mabaki ya mbao yalikuwa yakirundikana bure. Mason akayapika kwa mvuke wenye nguvu mpaka yakafumuka nyuzinyuzi, kisha akayakandamiza kwa joto yakawa bapa gumu. Yaani ubao wa Tingatinga ulikuwa tayari masalio kabla haujamfikia. Ni makombo ya kiwanda yaliyopata maisha ya pili Marekani, yakapata ya tatu Msasani.

Sasa angalia masharti. Bapa zima la dari lina futi 4 kwa futi 8. Ukilikata vipande vya futi 2 kwa futi 2 unapata vipande 8, na hakibaki hata kibanzi. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo za Tingatinga ni za mraba wa karibu sentimeta 60. Ndani ya mraba huwezi kutandaza mbuga nzima ya Serengeti. Unamweka mnyama mmoja katikati, mkubwa, anajaza ubao. Rangi ya baiskeli nayo haitaki kuchanganywachanganywa ovyo. Inataka ipakwe ilivyo, nzito, kisha isubiriwe ikauke. Basi unapaka mandhari ya rangi moja, unangoja, ndipo unamleta chui na madoa yake, doa kwa doa. Wataalamu baadaye waliita mtindo huu "tingatinga", wakauandikia vitabu. Lakini mtaani tunaweza kusema bila kuzungukazunguka: ubao ulisema, mwenye brashi akasikia.

Picha hizo ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, chini ya mti, kwa wageni waliokuwa wakienda kununua mahitaji yao. Mkewe alisaidia kuuza. Vijana wakamzunguka, wengi wao ndugu na watu wa kwao, wakajifunza kwa kutazama na kujaza rangi: akina January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na Casper Tedo. Mwaka 1972, Tingatinga akiwa ndani ya gari, polisi walidhani ni wezi wanaokimbia wakapiga risasi. Akafa akiwa na miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi hawakutawanyika. Mwaka 1990 wakajiandikisha rasmi kama chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao.

Jina. Kwenye pembe ya ubao aliandika E. S. Tingatinga kwa herufi kubwa zisizo na haya. Wengine baadaye walighushi saini hiyo, jambo linaloonyesha kwamba jina lilikuwa limeshakuwa mali. Neno lenyewe kwa Kiswahili ni mtambo wa kuchimba na kusukuma udongo, lakini leo ukilitaja nje ya nchi, mtu anaona twiga na ndege wa rangi. Mtu aliyeokota mabaki ya dari amekuwa nomino.

Linganisha na milango ya Unguja. Mafundi wa pwani walichonga mbao kwa karne nyingi, na juu ya kizingiti waliweka maandishi, mara nyingi aya tukufu, pengine na mwaka. Mlango ulisema mwenye nyumba ni nani na ana uwezo gani. Fundi aliyekaa miezi akichonga maua na minyororo ile, jina lake kwa kawaida halimo. Nyumba ikianguka, mlango hung'olewa ukapachikwa kwingine, kwa sababu mbao nzuri haitupwi. Mbao inarithiwa. Fundi anasahaulika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa waandishi wa vibao wa mitaa yetu. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bidhaa ziliadimika. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na rangi nayo ya kusakwa. Kipindi kile hakuna aliyetupa ubao. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, zikazaliwa daladala. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, watu wakambatiza Mzee Ruksa, na biashara ndogondogo zikafumuka kila kona. Kila kibanda kilitaka jina, na kila jina lilitaka mtu mwenye brashi. Hao ndio waliochora vichwa vya wanaume walionyolewa "panki" kwenye kuta za saluni, wakaandika majina ya maduka kwa herufi zenye vivuli. Wachache walibana pembeni maneno madogo ya kuelekeza mteja mwingine awatafute. Wengine wengi walilipwa, wakaenda zao. Halafu, miaka ya 2000, ikaja mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Kwa saa chache bango limetoka, lina picha ya simu na msichana anayecheka. Hata picha za tingatinga nyingi zilihamia kwenye kitambaa, kwa kuwa mtalii anataka kitu cha kukunja kiingie kwenye begi.

Je, kibao cha mbao kimekufa? Hata kidogo. Kimerudi nyumbani, sebuleni na kwenye baraza, na unaweza kukitengeneza mwenyewe mwisho wa juma.

Nenda Keko, kule Temeke, ambako mafundi samani wamejazana, uulizie vipande vilivyobaki. Au tafuta paleti zinazotoka na mizigo ya bandarini. Ila soma chapa yake kwanza: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, MB maana yake zilifukizwa kwa sumu, achana nazo. Ng'oa misumari kwa taratibu, usiivunjie ndani. Panga mbao tatu zenye unene mmoja, nyuma yake pigilia vipande viwili vya kuzishika. Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, mpaka kiganja kipite bila kuchomwa. Tundu la msumari wa zamani na alama ya kutu viache. Hiyo ni historia ya ubao, huwezi kuinunua dukani.

Kisha maneno. Wengi hukosea hapa, wanaanza kushoto kwa herufi nono, wakifika kulia nafasi imekwisha, "KARIBUNI" inamalizikia kwa herufi zilizobanana kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Waandishi wa vibao wana dawa yake. Hesabu herufi pamoja na nafasi, tafuta herufi ya katikati, iweke katikati ya ubao, ndipo uende kushoto na kulia. Chora kwanza kwa chaki. Paka rangi ya mafuta kwa mkono mwepesi, ngoja ikauke, malizia na vanishi.

Mwandishi chipukizi, umeona somo lilipojificha? Ubao una mwisho. Kila herufi inakula rangi na inakula nafasi, kwa hiyo neno lisilo na kazi halipati kiti. Ukiweza kuandika maneno matatu ambayo jirani atayasoma kila asubuhi bila kuyachoka, hadithi ya kurasa kumi haitakutisha.

Na ukishamaliza, usiharakishe kutundika. Chukua brashi ndogo, uende pembe ya chini kulia, uandike jina lako na mwaka. Si majivuno hayo. Waliochonga milango na waliopamba saluni zetu wametuachia kazi nzuri isiyo na mwenyewe, na hatuwezi tena kuwashukuru kwa majina. Aliyeokota mabaki ya dari akathubutu kusaini, yeye tunamjua. Shime, saini ubao wako.