Kabureta ya Beetle haijafa, ni skrubu

Wenye Volkswagen Beetle za miaka ya 1970 tumebaki wachache hapa Pwani, na malalamiko yetu ni yale yale: gari likisimama kwenye taa, injini inatetemeka kisha inazima. Ukienda kwa fundi unaambiwa kabureta imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi haijafa. Imeharibiwa mpangilio na bisibisi.

Naizungumzia Solex 34 PICT-3, iliyokuja na injini za 1600 mwanzoni mwa miaka hiyo. Ukisimama nyuma ya gari na boneti iko wazi, upande wa kushoto wa kabureta utaona skrubu mbili. Kubwa hupitisha hewa ya kuongeza au kupunguza mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Ndogo hupima mchanganyiko wa petroli na hewa. Ya tatu iko kwenye mkono unaovutwa na waya wa mafuta, na hiyo ndiyo fitina yote. Kwenye kabureta za zamani kama 28 PICT na 30 PICT-1, mwendo ulirekebishwa hapo, kwa hivyo fundi aliyezoea hizo huiendea moja kwa moja. Kwenye 34 PICT-3, ukiikaza sana kile kibati cha ndani kinafunguka kupita kiasi na kufichua matundu ambayo yangestahili kufunikwa. Basi hata ukizungusha zile mbili ndogo mpaka kesho, injini haisikii.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha mwanya wa valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi, pointi ni milimita 0.4, na taimingi iko sawa. Kabureta huja mwisho. Wengi huanza nayo kwa sababu iko karibu na mkono.

Injini ikiwa imezimwa na choki imefunguka kabisa, legeza ile skrubu ya mkono mpaka iachane na ngazi ya choki. Ikaze taratibu mpaka iguse tu ngazi ya chini kabisa, kisha ongeza robo mzunguko. Usiirudie tena. Halafu funga ile ndogo polepole mpaka ifike mwisho, bila kuikandamiza, maana ncha yake ni kama sindano na ukiibana kwa nguvu unakwaruza kikalio chake. Ifungue mizunguko miwili na nusu.

Washa gari, liache lipate moto, tena nje kwenye hewa. Moshi wa petroli ndani ya gereji iliyofungwa huua, na gesi ya sumu iliyomo haina harufu ya kukuonya. Kwa skrubu kubwa weka mizunguko 850 kwa dakika. Sasa fungua ndogo kidogo kidogo mpaka injini ifike kasi yake ya juu, kisha ibane mpaka kasi ishuke mizunguko 20 hadi 30. Rudi kwa kubwa, urejeshe 850. Asiye na kipimo atumie sikio, lakini azungushe kidogo na asubiri, injini haijibu papo hapo.

Ikiwa ile ndogo haibadilishi lolote, washa swichi bila kuwasha injini na usikilize kile kidude cha umeme chenye waya mmoja kwenye kabureta. Kisipolia "tik", petroli ya mwendo mdogo haipiti. Kikilia, toa jeti ya mwendo mdogo uipulize. Taka za tangi lenye kutu, ambazo hapa kwetu hazikosekani, huziba tundu hilo kwanza. Halafu kagua mipira ya bomba la hewa kama imepasuka. Mwisho tikisa shafti ya kile kibati cha ndani. Ikicheza sana, hewa inapenya pembeni mwake, na hapo skrubu haziwezi kukusaidia: ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma aitie bushi.