Udhaifu wa mifupa: Wanaume nao hurithi maradhi haya

UDHAIFU wa mifupa, maradhi yajulikanayo kitaalamu kama osteoporosisi, huhusishwa mno na wanawake waliokoma hedhi. Hata hivyo, inakadiriwa kuwa mwanamume mmoja kati ya watano waliotimu umri wa miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu ya maradhi haya. Isitoshe, wanaume wanaovunjika nyonga hufariki kwa wingi kuliko wanawake.

Uchunguzi wa mapacha na wa familia umebainisha kwamba kati ya asilimia 50 na 85 ya tofauti za wingi wa madini mifupani baina ya mtu na mtu hutokana na urithi. Jeni nyingi huchangia, kila moja kwa kiwango kidogo. Mara chache, hitilafu ya jeni moja hutosha kuidhoofisha mifupa.

Mfano ni jeni ya PLS3, ambayo watafiti waliihusisha na maradhi haya mnamo 2013. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana kromosomu mbili za aina hiyo, hivyo ile nzima huweza kufidia yenye kasoro. Mwanamume ana moja tu, aliyoirithi kwa mamake. Ndiyo sababu wavulana wenye hitilafu hii huweza kuvunjika mifupa mara kwa mara, ilhali mama zao huenda wasiwe na dalili yoyote. Baba mwenye kasoro hiyo hawarithishi wanawe wa kiume, bali binti zake wote.

Homoni nazo zina nafasi yake. Mnamo 1994, madaktari nchini Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 28 mwenye kimo cha sentimita 204, aliyekuwa angali akirefuka huku mifupa yake ikiwa dhaifu. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, lakini kutokana na hitilafu aliyorithi kwa wazazi wote wawili, mwili wake haukuweza kuitumia estrojeni. Kisa hicho kilidhihirisha kuwa homoni hiyo, idhaniwayo kuwa ya kike, huimarisha mifupa ya wanaume pia.

Hata hivyo, urithi si hukumu. Uvutaji sigara, unywaji pombe kupita kiasi, ukosefu wa mazoezi na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huzidisha hatari. Mwanamume ambaye mzazi wake alivunjika nyonga anashauriwa kumfahamisha daktari mapema, kwani tahadhari kabla ya hatari.