Kereng'ende

Neno kereng'ende limebeba viumbe wengi mno. Kuna ndege wa jamii ya kwale aitwaye hivyo, na kuna mdudu wa mtoni mwenye mabawa manne maangavu. Hata wadudu wenyewe ni makundi mawili: yuko mnene, ambaye akitua huacha mabawa wazi, na yuko mwembamba kama njiti, ambaye macho yake yamekaa pembeni wala hayagusani. Katika misitu ya Amani, wilayani Muheza, anaishi mwembamba mmoja, Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1962. Hajulikani kwingine kokote nje ya Usambara Mashariki, na yuko hatarini kutoweka. Anastahili jina lake mwenyewe kwa Kiswahili. Wazee wa Amani, kama mnalo, tuandikieni.